Limbu Bundala na Wale Sita wa "Ndiyo, Baba"

Kila asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya majabali, Limbu Bundala alikwenda zizini kuwaamkia ng'ombe wake. Hakuwasalimia kwa kupaza sauti akiwa mlangoni, kama wafanyavyo watu wa leo ambao hata mama zao huwaamkia kwa simu. Aliingia ndani, akasimama mbele ya kila maksai, mahali ambapo mnyama anamwona vizuri, akavua kofia na kumwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Ushirika. Mhola?"

Maksai aliyeitwa Ushirika, mzee mwenye pembe moja iliyoinama kama mkono wa mtu anayeomba, alipumua kwa nguvu puani, na Limbu akamjibia.

"Mhola. Umelalaje? Mguu umepoa? Haya, leo tutakwenda polepole."

Kisha alihamia kwa jirani yake, maksai mweusi aliyehasiwa mwaka juzi tu, mwenye tabia ya kutoka zizini bila kuaga na kwenda anakotaka. Huyo Limbu alimpa jina la Soko Huria.

"Na wewe, bwana mkubwa? Nasikia jana ulikuwa kwenye mtama wa watu. Hatugombani asubuhi hii. Mwangaluka."

Akamkuna shingoni, akangoja mpaka masikio ya mnyama yalegee. Halafu alivaa kofia, akatoka nje walikosimama wanafunzi wake, na sauti yake ikabadilika kama redio iliyohamishwa stesheni.

"Nyie. Mnasimama kama magunia ya pumba. Wewe mrefu, toa mikono mfukoni. Niliyosema jana mmeelewa?"

"Ndiyo, Baba."

Mwaka ule ulikuwa 1996. Bariadi ilikuwa wilaya ya mkoa wa Shinyanga, na hakuna aliyeota kwamba siku moja kutakuwa na mkoa uitwao Simiyu. Ulikuwa pia mwaka wa pili au wa tatu tangu chama cha ushirika kijifie chenyewe kama kuku aliyekosa maji. Zamani pamba ililetwa kwenye mzani mmoja, ikachambuliwa nyeupe kando na chafu kando, na aliyechanganya alionekana mhuni. Sasa kila njia panda palikuwa na mnunuzi wake na mzani wake, na pamba ya mpole na ya mhuni zilipakiwa lori moja. Watu waliita jambo hilo maendeleo.

Limbu alikuwa mkufunzi wa maksai katika kituo cha ushirika huo, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mjini. Palikuwa na banda la bati, zizi, plau nne, mkokoteni mmoja na maksai wanane. Chama kilipokufa, karani aliondoka, bwana ghala akaondoka, hata mlinzi akaondoka na kufuli. Limbu alibaki, kwa kuwa ng'ombe hawakujua kwamba chama kimekufa na waliendelea kula.

Kazi ile hakuifundishwa na ushirika. Aliifundishwa na babu yake, mzee Jilala, aliyekuwa na maneno ya kuchekesha kuliko wazee wote wa upande ule. Jilala hakumpa mjukuu hotuba hata moja. Alijivika nira shingoni yeye mwenyewe, akampa mtoto kamba, akamwambia, "Haya, nilime." Mtoto akivuta vibaya, babu alikaa chini, akagoma, akacheua kama ng'ombe, mpaka mtoto akajua kosa lake mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Baba mzazi uliinamisha macho mbele yake. Babu ulimtania, ukamwibia ugoro, ukamwambia hana meno, naye alikujibu kwamba wewe una kichwa kama kibuyu, na katikati ya matusi hayo matamu ukajikuta umejifunza kuhasi ndama na kumtambua ng'ombe mgonjwa kwa macho yake. Aliyekasirika katika utani huo ndiye aliyeshindwa, na kijiji kizima kilimcheka.

Lakini ushirika ulimpa Limbu koti la kaki lenye mifuko minne, na koti likampa sauti. Tangu siku aliyolivaa aliongea na vijana kama tangazo lililobandikwa ukutani. Alijiita Mkufunzi, akataka kuitwa Baba, akasahau kabisa kwamba yeye mwenyewe hakufundishwa hivyo.

Matokeo yalijulikana Bariadi nzima. Kundi la kwanza la vijana baada ya ushirika kufa lilidumu wiki mbili. Kundi la pili lilikwenda Malampaka siku ya tisa kupakia mabehewa ya treni, na likatuma salamu kwamba mabehewa hayapigi kelele kama Limbu. Katika kundi la tatu kulikuwa na mmoja aliyeomba ruhusa ya kwenda chooni. Alionekana wiki iliyofuata Nyashimo, akiuza kandambili za plastiki.

Hapo ndipo Padri Constantine, paroko, alipokuja kwa pikipiki. Ardhi ya kituo ilikuwa ya parokia tangu zamani, nayo sasa ilikuwa imerudishwa.

"Baba Limbu," alisema, akikataa kiti kwa sababu kilikuwa na miguu mitatu, "baraza la parokia limekaa. Kuna mnunuzi anataka banda hili liwe ghala la pamba. Mimi nimewaomba msimu mmoja tu. Nitakuletea vijana sita. Siku ya wakulima, Nane Nane, wote sita wakifika na kulima mbele ya watu, kituo kinabaki na wewe unabaki. Wakipungua hata mmoja, banda linakwenda kwa mnunuzi na maksai wanakwenda mnadani."

"Mnadani kwa wakulima?"

Padri alitazama pikipiki yake. "Mnadani, Baba Limbu. Na wanunuzi wengi wa siku hizi ni wa buchani."

Limbu aliingia zizini, akavua kofia, lakini hakujua aanze na nani.

Wale sita walifika mwishoni mwa Juni, wakiwa na mabegi ya nailoni. Watatu miongoni mwao ndio watakaotajwa hapa. Kulikuwa na Deogratias, mtoto wa karani wa mjini, mrefu, mwenye suruali iliyopigwa pasi na maneno mengi ya Dar es Salaam ingawa hakuwahi kupita Shinyanga mjini. Kulikuwa na Shija, mchungaji kutoka vijiji vya Itilima, ambaye kwa siku tatu hakutamka neno jingine isipokuwa "ndiyo". Na kulikuwa na Nyanjige, binti wa miaka kumi na saba kutoka Mwamapalala, aliyekuja kwa sababu kaka zake wote walikuwa wamekwenda kununulia pamba makampuni na plau ya nyumbani ilikuwa inaota kutu.

Limbu aliwapanga mstari akawaeleza nira kuanzia mti wa kuichonga mpaka vigingi vyake, mnyororo, gogo la kuburuta, amri za kwenda, kusimama na kugeuka, na nani hukaa kulia na nani kushoto. Aliongea kutoka asubuhi mpaka kivuli kikahama upande wa pili wa banda.

"Mmeelewa?"

"Ndiyo, Baba."

"Kuna swali?"

"Hapana, Baba."

Basi wangejibu nini? Mtoto aliyelelewa kwetu hamwambii mzee kwamba hakuelewa. Kusema hivyo ni kama kumwambia mzee hajui kueleza. Jibu la heshima ni ndiyo, hata kama umeulizwa kama mto unapanda mlima.

Siku ya tatu aliwaambia wafunge Ushirika na Soko Huria wenyewe na kuwaburuzisha gogo. Wale sita walitazamana. Walifunga nira ya juu chini. Walimweka Soko Huria upande wa kulia, ambako hajawahi kukaa tangu azaliwe. Deogratias alishika kamba, akasema, "Oya, twenzetu," amri ambayo hakuna ng'ombe wa Usukumani aliyewahi kuisikia.

Soko Huria alikwenda. Ushirika, kwa kuwa alikuwa amefungwa naye, alikwenda pia bila kupenda. Gogo likafuata. Walipita kando ya jiko, wakapanda jabali pana nyuma ya nyumba ya Limbu, ambako Philomena, mke wake, alikuwa ameanika michembe ya wiki nzima, viazi vitamu vilivyomenywa na kukatwa vikapangwa safi kama vigae. Gogo lilifagia jabali lote kutoka mwanzo mpaka mwisho. Michembe iliruka kama panzi. Kuku walidhani ni sikukuu.

Limbu alipiga kelele ambazo zilisikika, wanasema, mpaka barabarani. Aliwaita magunia, mawe, wanunuzi wa pamba. Aliuliza mara saba kama si walisema wameelewa. Nao, vichwa chini, walijibu mara saba, "Ndiyo, Baba." Alipochoka aliwaendea wale maksai, akavua kofia. "Poleni," aliwaambia. "Hamkuumia? Polepole. Si kosa lenu."

Philomena alikuwa amesimama na ungo wake mtupu. Alikuwa mwanamke mfupi asiyepandisha sauti kamwe.

"Limbu."

"Nini?"

"Ng'ombe unamuuliza amelalaje. Ng'ombe unamuuliza ameumia wapi. Yule binti pale anavuja damu mguuni, na hujajua hata jina lake."

Limbu aligeuka. Kweli, Nyanjige alikuwa amekaa kwenye jiwe, ameshika kifundo cha mguu mahali mnyororo ulipomkwaruza. Wavulana wawili walikuwa tayari wamekwenda kufunga mabegi. Alihesabu kwa macho, akaona sita wanageuka kuwa wanne, na wanne wanageuka kuwa buchani. Akafungua mdomo. Hakukuwa na kitu ndani yake isipokuwa "Mmeelewa?" Akaufunga.

Philomena alimpeleka Nyanjige jikoni, akamwosha mguu kwa maji ya chumvi, na kama ilivyo desturi akaanza kumuuliza: mtoto wa nani, wa ukoo gani, nyanya yako mzaa mama alitoka wapi. Nyanjige alijibu huku akikunja uso kwa chumvi. Nyanya yake aliitwa Martha, alizaliwa karibu na Malampaka, baba yake Martha alikuwa ndugu wa fulani. Philomena aliacha kuosha.

"Sema tena. Martha mwenye pengo hapa mbele?"

"Ndiyo, mayu, mama yangu. Unamfahamu?"

"Martha ni dada yake Limbu. Mama zao ni ukoo mmoja, walikunywa maziwa ya zizi moja. Mtoto wewe," na hapa Philomena akaanza kucheka mpaka akashika ukuta, "huyo mzee anayewaita magunia si baba yako. Huyo ni guku wako. Babu yako kabisa, wa kumtania."

Nyanjige alifikiri. Halafu alisimama, mguu ukiwa bado unadondosha maji, akatoka nje akichechemea. Wenzake walidhani anakwenda kuaga.

Limbu alikuwa amekaa juu ya gogo, koti la kaki limefungwa vifungo vyote. Nyanjige hakuinamisha macho. Alimzunguka mzima mzima, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, akamshika ukosi.

"Guku," alisema, "hili koti limeanza kuliwa na panya au ndiyo mtindo?"

Wavulana waliacha mabegi. Mmoja alifumba macho.

Limbu alinyanyua kichwa taratibu. "Umeniitaje?"

"Guku. Mimi ni Nyanjige, mjukuu wa dada yako Martha wa Mwamapalala. Alituambia ana kaka mzuri wa sura. Nimefika nimekuta wewe. Sasa najiuliza, yule mzuri alikwenda wapi?"

Hasira ya Limbu ilikuwa imeshafika shingoni, imeshavaa viatu, inataka kutoka. Lakini aliyekasirika ndiye aliyeshindwa. Sheria hiyo ilikuwa na umri mkubwa kuliko ushirika, koti na Mkufunzi, na ilimbana kama nira. Philomena alikuwa amesimama mlangoni na ungo. Hata Soko Huria alikuwa ameacha kucheua.

"Martha," Limbu alisema mwishowe, na sauti ilitoka mahali ambapo haikutoka kwa miaka ishirini, "Martha alikuwa na miguu mizuri. Yako hii nani alikuchongea? Nimewahi kuona vigingi vya nira vilivyonyooka kuliko hivi."

"Vyako umevificha ndani ya suruali, guku. Unaogopa vitachomwa kama kuni."

"Kuni hazichechemei."

"Na babu hapigi kelele. Anayepiga kelele ni jogoo, tena asiye na kuku."

Wa kwanza kucheka alikuwa Philomena. Halafu Deogratias, kwa kicheko cha mjini kilichopita puani. Halafu wote. Limbu naye, akiwa anatafuta jibu, alijikuta mabega yanatikisika, machozi yanatoka, kikohozi kimemshika, na vifungo viwili vya koti vimekatika vyenyewe.

Katikati ya kicheko hicho ndipo iliposikika sauti ambayo hakuna aliyeijua. Ilikuwa ya Shija.

"Guku," alisema, akitazama kwato za Ushirika, "mimi Shija sikuelewa. Tangu siku ya kwanza."

Limbu akapangusa machozi.

"Hukuelewa nini?" aliuliza Limbu.

"Chochote."

"Na nyie wengine?"

Deogratias alinyosha mkono, mkono wa darasani. Wa pili akanyosha, wa tatu. Ilipofika sita, Limbu alishika kichwa. Siku tatu. Kutoka asubuhi mpaka kivuli kihame. Alikumbuka makundi matatu yaliyokimbia, zile "ndiyo" zote, na yule muuza kandambili wa Nyashimo, ambaye labda naye alikuwa na swali.

Alivua koti, akaliweka juu ya gogo. Akaichukua nira, akaigeuza ikawa sawasawa, akajivika shingoni.

"Deogratias. Ndilo jina lako? Mimi ni Soko Huria. Shija, wewe ni Ushirika, njoo uingie hapa. Nyanjige, shika kamba. Mtufunze. Mkikosea, tunagoma."

Hapa mwenye kusoma ajue kwamba furaha ya aina hiyo imekwisha duniani. Siku hizi vijana wanaitwa semina, wanapewa soda na kalamu, na mtoa mada anasoma karatasi huku akitazama saa. Wale sita, mchana ule, walimlima mzee wa miaka sitini kuzunguka zizi. Amri ikiwa mbaya, Limbu alilala chini, akacheua. Ikiwa mbili kwa mara moja, alikwenda pande zote mbili, akamburuta Shija aliyekuwa anacheka kwa mara ya kwanza tangu Itilima. Deogratias aliposema "oya", mzee alimpiga teke. Walijifunza siku ile kusimama mbele ya mnyama anapokuona, kutoa amri moja na kungoja, na kutazama masikio kabla ya kuvuta kamba.

Padri Constantine alifika kwa pikipiki wakati Nyanjige akisema, "Kulia, guku. Kulia. Nimesema kulia, au masikio nayo yameliwa na panya?" Alizima injini. Alitazama kwa muda. Akaiwasha tena, akarudi alikotoka bila kuuliza kitu.

Kuanzia siku hiyo wote sita walikuwa wajukuu. Kwa Deogratias ilikuwa kazi, kwani baba yake alitoka mbali na hakuwa na ukoo wowote upande ule. Lakini Philomena alikaa naye jioni moja akakwaruza, akakwaruza, mpaka akapata shangazi aliyewahi kupanga nyumba moja na binamu wa mtu, na ikatosha. Asubuhi Limbu alipomaliza kuwaamkia maksai, hakuvaa kofia. Alitoka nayo mkononi, akasimama mbele ya kila mmoja.

"Mwangaluka, Shija. Umelalaje? Mgongo?"

Hakuuliza tena kama wameelewa. Alisema, "Nifundishe mimi, mzee mjinga," akafanya makosa kwa makusudi, na wao wakamkosoa kwa maneno ambayo hayawezi kuandikwa hapa.

Katikati ya Julai, Deogratias alimfuata zizini. Alikuwa anazungusha kamba kidoleni.

"Guku, kuna kampuni imenipa kazi. Kuandika mzani, kule njia panda. Naanza Jumatatu."

Limbu alikumbuka maneno ya Padri. Sita wakipungua hata mmoja. Maneno yote ya zamani yalikuja mbio: wanunuzi, wahuni, pamba chafu. Lakini alikuwa amesimama kando ya Soko Huria, mkono shingoni mwake, na alijua kitu kimoja kuhusu mnyama huyu. Ukimvuta, anavuta. Hajawahi kushindwa.

"Unataka nini wewe, Deo?" aliuliza.

"Mimi?"

"Wewe. Sikukuuliza tangu umekuja."

Kisha alifanya jambo gumu kuliko kulima mbuga kavu mwezi wa kumi. Alinyamaza, akangoja. Deogratias alisema anataka baiskeli. Limbu akangoja. Akasema anataka redio. Limbu akangoja bado. Mwishowe kijana alisema, kwa sauti isiyo ya Dar es Salaam, kwamba nyumbani kila siku anaambiwa hafikishi chochote mwisho, na mzani ni kazi ambayo mtu akiiangalia kwa mbali anasema, yule ni nani.

"Nenda," alisema Limbu. "Kaandike vizuri. Nyeupe andika nyeupe. Siku ya Nane Nane tutalima, na kamba ya mbele ni yako. Nitakuachia."

"Na nisipofika?"

"Basi nitakuwa nimekosea. Si mara ya kwanza. Kuna koti pale linashuhudia."

Philomena aliposikia alikaa chini. "Umemwachia kituo kizima mtoto wa mjini," alisema. Limbu alijibu kwamba ndiyo, na tangu hapo usiku na mchana alikuwa akitazama barabara.

Nane Nane, kiwanja cha wazi nyuma ya uwanja wa mpira wa Bariadi kilikuwa kimemwagiwa maji siku tatu ili plau iingie. Watu walijaa. Palikuwa na ngoma, palikuwa na mgeni rasmi mwenye kiti chenye kitambaa, palikuwa na kipaza sauti kilichokoroma. Padri Constantine alisimama mwanzoni mwa kipande chao, na kidole chake kilihesabu. Kikarudi mwanzo. Kikahesabu tena.

"Watano, Baba Limbu."

"Naona, Padri."

"Nikingoja zaidi watapewa wengine nafasi."

Nyanjige alikuwa ameshika mikono ya plau. Shija alikuwa na mjeledi asioutumia. Kamba ya mbele ilikuwa imening'inia shingoni mwa Ushirika, haina mtu. Limbu alitaka kuishika mwenyewe. Aliinyoshea mkono. Halafu akaurudisha mfukoni.

Lori la pamba lilipita nyuma ya umati likipiga honi. Juu kabisa, kwenye marobota, alikuwa amekaa mtu mrefu mwenye suruali nyeupe kama pamba ya daraja la kwanza. Aliruka lori likiwa halijasimama vizuri, akaanguka kwa magoti kwenye tope, akainuka akiwa na suruali ya rangi mbili, akakimbia. Padri alipiga ishara ya msalaba.

"Guku," alisema Deogratias akihema, "walikuwa bado wanapima pamba, mzani haujafungwa. Nimewaachia kalamu."

Wakaanza. Mfuo ulikwenda umenyooka hatua arobaini, na hapo katikati, mbele ya mgeni rasmi hasa, Soko Huria akasimama. Akakodolea macho kipaza sauti. Ushirika akasimama naye.

Limbu akasahau yote. Koti halikuwa mwilini lakini sauti yake ilirudi. "Mpige. Vuta. Nyanjige, kandamiza. Deo, kushoto, kulia, mmesima—"

"Guku," Nyanjige aliita kutoka kwenye plau, na kipaza sauti, kwa bahati ya siku ile, kikalichukua neno na kulirusha juu ya umati mzima. "Hizo ni amri tano. Wewe mwenyewe uligoma kwa mbili. Kaa kimya au nije nikufunge nira."

Umati ulicheka kama mvua inavyoshuka kwenye bati. Mgeni rasmi alicheka mpaka kiti kikaegemea. Limbu alisimama katikati ya kicheko hicho, mzee mwenye mvi, ametaniwa na mjukuu mbele ya serikali nzima. Hakukasirika. Alivua kofia, akainama kidogo kwa Nyanjige, akafunga mdomo.

Shija aliweka mjeledi chini. Alikwenda mbele ya Soko Huria, mahali mnyama anapomwona vizuri, akamkuna shingoni.

"Mwangaluka," alisema Shija, ambaye siku tatu hakuwa na neno ila ndiyo. "Mhola? Umelalaje? Ile ni redio tu. Haikuhusu."

Akangoja. Watu elfu moja wakangoja naye, jambo ambalo halijatokea tena Bariadi. Masikio ya Soko Huria yakalegea. Deogratias akainua kamba bila kuivuta, akasema amri moja. Wakaenda mpaka mwisho, na mfuo ukanyooka kama uzi wa fundi cherehani.

Padri alikuja na kitabu chake. "Sita," alisema. "Kituo kinabaki. Sasa sikiliza, Baba Limbu. Mwezi wa tisa nakuletea kumi na wawili, utapewa nusu ya banda kwanza, nusu nyingine baada ya mavuno, na ripoti kila robo mwaka kwa baraza na nakala kwa jimbo. Umeelewa?"

Wale sita walimtazama mzee wao. Limbu alikunja kofia mara mbili mikononi mwake. Padri ni padri, na jibu la heshima kila mtu alilijua.

"Hapana, Padri," alisema Limbu Bundala. "Sijaelewa. Anza upya, polepole, na usimame huku ninakokuona."

Nyanjige aliketi palepale kwenye tope kwa kucheka. Padri alianza upya. Nyuma yao Philomena, aliyekuja na kikapu cha chakula, alikuwa akigawa viazi vya kuchemsha na kumkumbusha kila aliyepokea kwamba michembe yake ya jabalini bado hajaisahau.